Unga Mweusi wa Mama Tabitha

Mimi ni mhadhiri wa kemia hapa Eldoret, natafuta dawa ya kifafa kwenye mimea. Mama Tabitha, mganga wa mitishamba wa Kaptagat, alinipa mizizi na unga mweusi. Mimi mtu wa Kakamega, nisiyejua mila za huko, nikaamua mizizi ni zawadi ya kutia kwenye supu. Sikuuliza, mtu na PhD yake ataulizaje? Unga nikaupima maabarani miezi sita.

Jana niliwaeleza maprofesa matokeo. Mama, mgeni wetu, akainuka.

"Daktari, hayo ni makaa ya kusugua kibuyu cha maziwa. Nilikupa umpelekee mke wako. Dawa ni mizizi."

Mkuu wa idara akanikazia macho. Jumapili alikunywa supu kwangu, akaongezwa mara mbili, akalala kitini mpaka jioni.