Wivu wa Bakhit Uliobaki Kwenye Tepu

Katika vitu vyangu vyote, kimoja tu sikubali mtu akiguse: kipande cha tepu nilichokizungusha kwenye kigurudumu cha uzi wa kushonea. Mawifi zangu wanacheka. Wacheke! Mume wangu Bakhit ana mke mwengine sasa, na huyo mwengine ana uso wake na viatu vyake mlangoni. Mimi nna sauti yake.

Jina langu Kheiria. Unguja nilikuwa nikifanya kazi redioni, kutunza tepu. Mwaka wa sitini na nne tukakimbia, tukafikia Matrah, Omani, na mabunda mawili ya nguo. Nilikaa bure mpaka alipokuja Bi Doroti, Muustralia, mumewe mtu wa kampuni ya mafuta. Kwao alikuwa akiwazungukia waandishi na wachoraji, anawanasa sauti wakieleza maisha yao. Alikuja na sanduku zima la sauti hizo, aziandike kwanza kisha azikabidhi maktaba ya kwao. Aliposikia kazi niliyokuwa nikifanya, alinishika mkono hataki kuniachia.

Alikuwa na haki. Joto na unyevu wa hapa havipatani na tepu. Ukiiacha imelala inagandana, na sauti ya duru moja inaambukiza ya pili, unasikia neno kabla halijasemwa. Kila mwezi lazima uzizungushe zote, uzisikilize, uzirejeshe. Hiyo ndiyo ikawa kazi yangu.

Mmoja katika wale alikuwa mzee mchoraji, keshakufa. Mimi Kiingereza changu salamu tu, na Bi Doroti tukisemeshana Kiarabu cha kuungaunga, lakini yule mzee nilimjua. Anakohoa, anapiga funda la chai, halafu anacheka kicheko cha tumboni. Na mimi nacheka naye.

Siku moja Bakhit alikuja kunichukua, akasikia dirishani mwanamume anacheka na mkewe anacheka. Aliingia na bakora mkononi.

"Yuko wapi?"

"Humo kwenye mashine," nikamwambia. "Na keshakufa, Mungu amsitiri."

Ungedhani yamekwisha. Wapi! Wivu wa mtu hai una dawa, mtakwenda kwa kadhi. Wa maiti utampeleka wapi? Chakula kikipoa: "Mzee wako kala nini leo?" Nikichelewa: "Mmeagana vizuri?" Nikitabasamu nachagua mchele: "Umemkumbuka, eh?" Wallahi nilichoka. Na yeye akirudi na habari zake za forodhani namsikiliza kwa sikio moja, sisemi uongo, maana habari zenyewe zilikuwa hazina chumvi.

Ikafika Alasiri moja. Bi Doroti yupo sokoni, mimi nimeacha tepu ya mzee inasema, nimeingia chumba cha pili kusali. Bakhit akaja. Akamkuta mzee peke yake, anacheka. Akataka kumnyamazisha, akabonyeza vitufe vyote, na chekundu kimo. Kitufe chekundu kinanasa sauti mpya na kuifuta ya zamani. Mzee akanyamaza kweli. Bakhit akaona kashinda, akaanza kumporomoshea.

Nilipotoa salamu kumaliza sala nikasikia makelele. Nikatoka mbio, nikazima, nikarejesha nyuma. Pale alipokuwa akisema mzee, ikatoka sauti ya mume wangu: "Nyamaza! Nyamaza nnakwambia! Maiti mzima huna haya!"

"Lo! Bakhit, umefanya nini? Mtu kafa mara moja, wewe umemuua ya pili!"

Alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Akatoka bila ya viatu.

Bi Doroti aliporudi hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Alikaa chini akalia. Mzee alikuwa akieleza namna mama yake alivyomfundisha kuchanganya rangi, na hakuna tepu nyengine yenye maneno yale. Tukazungusha kwa kasi kutafuta mzee anaporudi. Maneno ya Bakhit yakapita kwa sauti ya kuku, sikuyataka hata kuyasikia. Bi Doroti akakata kwa mkasi, akaunga. Kipande kile akakinyoosha juu ya pipa la taka.

"Nipe mimi," nikamwambia. Sijui kwa nini. Hasira labda, nimwoneshe siku moja alichofanya.

Mwaka wa sitini na tisa sanduku likaondoka na Bi Doroti, sauti zote salama isipokuwa ile ya mama na rangi. Mwaka huo huo Bakhit akaenda Kuweti kutafuta kazi. Mimi nikabaki na kipande changu. Kila mwezi nakihamisha kwa mkono, kigurudumu kimoja hadi chengine, kisigandane. Mashine ya kukisikilizia sina.

Ikaja habari kuwa ameoa huko, mke jina lake Nasriya. Nilikuwa nnakula, nikalirudisha tonge sahanini. Nasriya! Nikaliona jina lake kila mahali, mpaka kwenye unga. Husemwa asiyekuwepo na lake halipo, basi mimi nilikuwepo Matrah na langu limeondoka.

Mwaka wa sabini wakarudi wote wawili. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Na alikuja na nini, unadhani? Rikoda ya betri, ya vigurudumu kama ile ya Bi Doroti, kamnunulia yeye. "Nasriya anapenda nyimbo," ananiambia mimi, bila ya haya.

"Hebu niletee," nikasema.

Nikatia kipande changu. Mwanzo kikakoroma kama fahali, nikageuza kasi. "Nyamaza! Nyamaza nnakwambia! Maiti mzima huna haya!" Nasriya akacheka. Bakhit hakucheka. Tepu ikaendelea, pale ambapo sijapata kupasikia:

"Mke wangu nikisema hacheki. Nnarudi na habari, nimezipanga njia nzima, hanitazami. Wewe unakohoa tu, anacheka. Unamfanyaje? Eh? Nifundishe basi. Nifundishe na mimi."

Kisha pumzi yake tu.

Nasriya aliacha kucheka. Akamtazama. "Mimi hujapata kunionea wivu, Bakhit. Hata wa mtu aliye hai."

Bakhit alinyoosha mkono kwenye mashine. Kidole kinatafuta pa kubonyeza.

"Ondoa mkono," nikamwambia. "Chekundu kile ushakibonyeza mara moja, yatosha."

Akauondoa, akakaa chini. Nikarejesha nyuma, nikaanza tena.