Kikombe cha Dawa na Maji ya Dodoma

Mke wangu alikuwa na pumu tangu utotoni. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Dodoma. Mimi nilikuwa tarishi katika shirika moja la umma, mpaka shirika lilipoanza kupunguza watu. Nilikuwa miongoni mwa wa kwanza kuondoka. Elimu yangu ni ya darasa la saba, sikuwa na la kubishana. Nikabaki nyumbani, yeye akaendelea kwenda kuvuta vumbi la chaki.

Hiyo ndiyo miaka ambayo bidhaa za kila aina zilianza kuingia nchini, mpya na zilizokwisha kutumika. Kaka yake aliyekuwa akiishi Dar es Salaam aliona mashine ya pumu ndani ya kontena la mitumba, akainunua, akamtumia. Ilikuwa na boksi lenye mota, mpira mwembamba mrefu, kikombe cha plastiki cha kuwekea dawa, na barakoa ya kufunika pua na mdomo. Ukiiwasha, hewa inapita kwenye tundu dogo chini ya kikombe, dogo kuliko tundu la sindano, na dawa inageuka ukungu mweupe. Mgonjwa anauvuta ule ukungu.

Tuliipeleka kwa nesi wa kliniki ya kifua. Akatuonyesha namna ya kuitumia, kisha akaniuliza mimi, si mke wangu, "Baba, nani ataosha?"

Nikasema mimi, maana ndiye niliyekuwa nyumbani.

"Basi sikiliza. Wadudu wanapenda unyevu. Kikombe kikikaa kichafu, siku ya kutumia unampulizia wadudu mpaka ndani ya mapafu. Baada ya kutumia, osha kwa sabuni, suuza, chemsha dakika kumi. Usikifute. Kiache kikauke chenyewe juu ya kitambaa safi. Na hilo tundu usilichokonoe na kitu chochote."

Nikayashika yale maneno kama mtoto anavyoshika jedwali la kuzidisha. Kwa kweli niliyazidisha. Alisema dakika kumi, mimi nilichemsha nusu saa. Alisema baada ya kutumia, mimi nilichemsha kila siku, hata kama hakuna aliyeitumia, na nikakiacha kikombe kipoe ndani ya maji yaleyale. Tangu nitoke kazini hakuna aliyekuwa amenikabidhi jambo la maana. Hili nilikabidhiwa.

Tulipanga nyumba moja na mfanyabiashara wa alizeti kutoka Kondoa na mkewe. Mkewe alikuwa na ulimi. Kila aliponiona nimechutama kwenye jiko la mkaa uani, alisimama.

"Shemeji, leo tena supu ya plastiki?"

"Leo tena."

"Umetia chumvi?"

"Haihitaji."

"Basi tia hata kitunguu, mwalimu akirudi apate mchuzi."

Mke wangu akiwepo alicheka mpaka nikaogopa kicheko kitamletea pumu. "Mwache mume wangu," alimwambia. "Wewe wa kwako anajua hata kuchemsha yai?"

Sasa niseme kosa lenyewe. Maji ya Dodoma yana chumvi. Mgeni akifika hapa analalamika chai ni chungu na sabuni haitoi povu. Sisi tuliozaliwa huku hatuyasikii. Sufuria zetu zote zina utando mweupe ndani, mgumu kama chokaa, na ukizidi tunaukwangua kwa kijiko, tunaendelea kupika. Sufuria yangu ya kuchemshia kikombe ilikuwa na utando huo. Niliuona kila siku kwa miezi kadhaa. Wazo halikunijia hata mara moja kwamba kinachoganda kwenye sufuria kinaganda na kwenye kikombe. Yule nesi alitoka Kilimanjaro, kwenye maji yasiyo na chumvi, na sidhani kama lilimjia yeye pia.

Ilikuwa mwezi wa nane, upepo unavuma tangu asubuhi na vumbi jekundu limefunika hata ua wa minyaa. Mke wangu alirudi kabla ya saa za kutoka shule. Alitembea hatua chache, akasimama kushika ukuta, akatembea tena. Hakusalimia. Alikaa kwenye kiti, akainama mbele, mikono juu ya magoti, na mabega yakawa yanapanda na kushuka. Kifua kilikuwa kinapiga filimbi.

Nilinawa mikono. Nikapima dawa, nikafunga kikombe, nikamvalisha barakoa, nikawasha. Mashine ikanguruma kama kawaida. Ukungu haukutoka.

Nikagonga kikombe kwa kidole. Kikatema tone moja, basi. Nikazima, nikachomoa mpira, nikapuliza kwa mdomo, nikachomeka tena. Mashine ikanguruma. Hakuna kitu. Mke wangu akainua macho, akaniangalia juu ya barakoa. Hakuweza kusema, lakini swali lilikuwepo.

Nikasema, "Umeme ni mdogo."

Umeme haukuwa mdogo. Nilikuwa nimekwisha kuliangalia lile tundu kwenye mwanga wa dirisha na kuliona jeupe, limeziba. Nililijua lile jeupe. Nilielewa palepale ni mimi niliyeliziba, kwa mikono yangu, kwa sufuria yangu, na sikuweza kulisema.

Mtu mwenye akili angembeba wakati uleule akampeleka hospitali. Mimi nilichukua pini kutoka kwenye kikapu chake cha kushonea nikaanza kuchokonoa tundu nililokatazwa kulichokonoa. Nilimpa mgongo ili asione. Nikawaza nikifanikiwa, ukungu utatoka, nitasema umeme umerudi, na jambo litaishia hapo. Nikachokonoa, nikajaribu, nikachokonoa. Kila nilipowasha, kikombe kilitema matone makubwa, yakamlowesha kidevu. Nyuma yangu ile filimbi ilikuwa inapungua sauti. Nilidhani anapata nafuu. Sikujua kwamba kifua cha pumu kikinyamaza ndipo kimefunga.

Mke wa jirani ndiye aliyeingia, kurudisha ungo. Aliangalia mara moja, ungo ukaanguka.

"Shemeji, unachokonoa nini? Huoni mwenzio midomo imekuwa ya bluu?"

"Mashine inakaribia kukubali."

"Mashine mama yako! Inuka, mshike!" Akatoka mbio akimwita mumewe, "Baba, gari! Acha magunia, gari!"

Tulimpakia mbele kwenye pikapu, katikati ya dereva na mimi. Kichwa chake kilinilalia begani kizito. Nilimhesabia pumzi kwa mkono uliokuwa mgongoni mwake. Kuna mahali karibu na mzunguko wa barabara nilingoja pumzi nikadhani haiji. Ikaja. Jirani alipiga honi njia nzima.

Kwa makadirio yangu, tangu alipokaa kwenye kiti mpaka mke wa jirani alipoingia, zilipita dakika ishirini. Nimejaribu mara nyingi kuzifanya kumi. Hazikubali.

Walimchoma sindano, wakamwekea oksijeni na dripu. Mpaka jua linaelekea kuzama midomo yake ikawa imerudi rangi yake. Nesi wa kliniki akapita wodini, akaniona bado nimekishika kile kikombe mkononi, wala sikumbuki nilikuja nacho vipi. Akakichukua, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Nini kilitokea?"

Mke wangu alikuwa amefumbua macho.

Nikasema, "Tundu limeziba kwa chumvi ya maji. Mimi ndiye niliyechemsha. Umeme ulikuwa sawa. Nilimdanganya."

Nesi akasema kosa ni lake pia, angetuambia tukiloweke kwenye siki mara moja kwa wiki, na tusuuze kwa maji yasiyo na chumvi. "Una ndugu Hombolo, kule kwenye mizabibu? Waulize kama wana mvinyo wa zabibu uliochacha. Hiyo ni siki nzuri kuliko ya dukani."

Mke wangu akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Taa ya mashine ilikuwa inawaka vizuri tu, bwana wewe." Alijua tangu pale kwenye kiti.

Tulipata kikombe kipya. Nikawa nakiloweka kwenye siki, nakisuuza kwa maji ya mvua niliyokinga masika, na yakiisha, kwa maji ya chupa, maana sasa hata maji yalikuwa yanauzwa dukani, jambo ambalo zamani tungelicheka. Hakikuziba tena. Mke wangu hakumruhusu mtu mwingine akioshe, hata mdogo wake alipokuja kukaa nasi. Aliwaambia wageni, "Hiyo ni idara ya baba." Wala hakuwahi kunilaumu, si kwa hasira, si kwa mzaha.

Lakini tangu siku ile, kila nilipompa barakoa, hakuivaa moja kwa moja. Aliiwasha mashine mwenyewe, akaelekeza ukungu kwenye kiganja cha mkono wa kushoto, akakitazama kama kimelowa, ndipo akaivaa. Zamani hakufanya hivyo. Nadhani hakujua kwamba anafanya. Mimi nilisimama nikingoja, kila mara, kwa miaka mitano.

Na asubuhi ile ya mwisho ya uhai wake, pumu ilipombana vibaya kuliko siku zote, jirani akiwa amekwisha kuwasha gari nje, nilimpa barakoa aitumie wakati tukijiandaa kumtoa. Hakuwa na pumzi hata ya kukaa wima. Aliinua mkono wa kushoto, akaufungua mbele ya ukungu, akangoja. Ukungu ulikuwa unatoka mzuri, mwingi. Akautazama mkono wake, kisha akaivaa.