Mwaka wa Ndovu, Mwaka wa Tembo

Enzi zetu Ibra, huku Oman, miaka ya tisini, Mfungo Sita, mwezi wa maulidi, ukiandama, nyumba yetu ilinuka udi na iliki, nasi watoto tulijua Bibi wa Unguja, mzaa mama, ataanza kuusimulia mwaka wake. Ulikuwa mwaka mmoja tu, wa kale mno, lakini kwake haukwisha. Alitukalisha mkekani akatupeleka Yemen, alikotoka Abraha na jeshi lake kwenda kuivunja Al-Kaaba, ndovu mbele. Ndovu akafika karibu na Makka, akapiga magoti, hataki. Ndege wakaja na vijiwe midomoni, jeshi likaangamia. Mwaka huohuo Mtume wetu akazaliwa, yatima tangu tumboni, na huko Uajemi moto waliouabudu ukazimika, kasri la mfalme wao Kisra likapasuka, ziwa likakauka.

Nikamuuliza, "Na huku Oman, Bibi, kulitokea nini?"

"Huku maji yalipita kwenye falaji, mifereji yetu ya mashambani, kama kawaida, watu wakanywesha mitende."

Jibu lile nililipenda kuliko hadithi yote, na hata leo sijui kwa nini.

Katika nyumba hiyohiyo aliishi Bibi wa Tabora, mzaa baba. Yeye ndiye aliyenisaidia jikoni kuikariri hadithi, niisimulie mbele ya wageni wa maulidi. Kwa Kiswahili chake cha bara, mnyama yule ni tembo. Basi nikasimama na gauni langu jipya, nikatangaza "Mwaka wa Tembo".

Bibi wa Unguja akashika kifua. "Astaghfirullah! Tembo si ulevi huo, unaogemwa mnazini? Mtume azaliwe mwaka wa ulevi? Nani kakufunza Kiswahili hicho?"

Wageni wakacheka, mitandio mdomoni. Bibi wa Tabora akaiweka chini dalla, birika la kahawa, akaenda chumbani kwake.

Tangu hapo akawa hasemi nasi ila Kiarabu, nacho alikuwa nacho cha kuombea maji tu. Alituita kula kwa Kiarabu, alitukemea kwa Kiarabu, na hadithi za Tabora zikakatika. Nililia. Niliogopa kwamba hatazungumza nasi tena kwa lugha yake.

Mwishowe Bibi wa Unguja akapika vitumbua, akaenda kubisha hodi mlangoni kwake.

"Dada, njoo unimalizie hadithi, wajukuu wamenishinda. Nimefika pale yule tembo alipopiga magoti."

Mlango ukafunguka.

"Ndovu, dada. Sema ndovu."

Walicheka mpaka wakafutana machozi, na vitumbua tukavila sisi.

Wote wawili wamezikwa Ibra. Mimi sasa nipo Nizwa, na vijana wetu, Mungu awahifadhi, wana simu zinazojua kila kitu isipokuwa ngeli. Mfungo Sita uliopita nilimwomba binti yangu atusimulie ule mwaka. Akaanza vizuri tu, kwa jina la Kiarabu la mwaka ule: "Aam l-fiil, Mama, jeshi ilikuja Makka, halafu ndege zikatupa mawe."

Ndege zikatupa. Nikaziona eropleni zikizunguka juu ya Abraha, nikaangua kicheko. Nikageuka nimtazame atakayeshika kifua, na atakayenyanyuka kwa hasira kwenda chumbani. Walikuwapo wanangu tu, wananitazama, wakingoja niwaeleze ninachocheka.