Viatu vya Bibi kwenye Nyumba ya Warumi

Ninachokumbuka kwanza ni harufu ya udongo mbichi na makoti yaliyolowa. Tulikuwa chini ya paa la mabati lililofunika mabaki ya nyumba ya tajiri mmoja wa Kirumi, kusini mwa London, ng'ambo ya Croydon. Nilikuwa na miaka tisa. Shule ilitupeleka kuona sakafu zake za vijiwe vya rangi, na kwa kuwa mama alikuwa kazini hospitali, Bibi ndiye aliyekuja kusaidia kutuangalia watoto. Nilikuwa mtoto wa wasiwasi. Nilitaka kila kitu kiende sawasawa. Kwenye basi nilimwomba Bibi asizungumze kwa sauti. Akacheka. “Haya, mwalimu. Leo mimi bubu.”

Mlangoni alisimama. Kando ya njia ya mbao sakafu ilikuwa imetandazwa kama mkeka: samaki wa buluu, mizabibu, mstari mweusi ukijisokota pembeni. Bibi akainama, akavua viatu, akavipanga ukutani, akaingia na soksi zake za sufu, moja imetoboka kidoleni. “Bibi, vaa,” nikamnong'oneza. “Nyumba ya watu hii, mwanangu. Wewe ungependa mtu aingie kwetu na matope?” “Wenyewe walishakufa zamani!” “Basi ndiyo hawana wa kuwasemea.” Sikujua kwamba alikuwa akiizungumzia pia nyumba yake ya Unguja. Mama alinieleza baadaye: sakafu ya marumaru nyeusi na nyeupe aliyoipiga deki kila asubuhi, na watu walioingia na mabuti, baada ya Mapinduzi, wakamwambia atoke.

Wenzangu walikuwa wameanza kucheka. Mmoja alijiziba pua. Msichana niliyetamani sana awe rafiki yangu akaniuliza kwa Kiingereza, “Yule ni bibi yako?” Nikasema, “Hapana. Ni jirani yetu tu.”

Bibi alikuwa hatua mbili nyuma yangu. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, lakini neno hilo la jirani alilijua vizuri. Ndivyo alivyomwita kila siku mama wa Kigujarati wa nyumba ya pili, mtaani kwetu Queensbury. Alirudi mlangoni, akavaa viatu, akakaa kwenye benchi nje, kwenye manyunyu, mpaka tulipomaliza. Tulipopanda basi alinipa kitumbua kilichofungwa kwenye karatasi. “Kula, mtoto wa jirani,” akasema, akitabasamu. Nilikula. Laiti angenichapa.

Hakumwambia mama. Barua za shule za kuomba wasaidizi zilipokuja tena, alisema miguu inamuuma, ingawa kila Jumamosi alitembea mpaka Kingsbury kununua bamia. Alifariki nikiwa na miaka kumi na miwili, na sikuwa nimemwomba radhi. Miaka yote mitatu nilikuwa natafuta maneno yasiyo na kosa. Enzi zile alinisemesha Kiswahili kutwa nzima, nami nikimjibu nusunusu, au kwa Kiingereza kitupu. Sasa nina miaka ishirini na sita. Nimejifundisha mwenyewe kuandika Kiswahili, kwa kamusi na vitabu vya kuazima, na aya hizi nimezifuta na kuziandika upya mara nyingi kuliko ninavyothubutu kukiri. Mimi na mama tunaongea Kiingereza. Leo ningeweza kumjibu Bibi sentensi nzima, kutoka mwanzo hadi mwisho, na nyumbani hakuna anayeniita kwa Kiswahili.