Meno Katika Pindo la Leso

Mume wangu alinioa nina meno manne ya mbele ya bandia, naye asijue. Nilianguka ngazini kwetu, mtaa wa Ndia Kuu, nikiwa kigori, mamangu akanipeleka kwa fundi wa meno, tukanyamaza. Nilikuwa nikilala nayo, na kuyasafisha ni chooni, mlango nimeukomea.

Miaka ya tisini nikatokwa na kivimbe begani, nikalazwa ili kikatwe. Daktari wa usingizi, kijana mpole, alikuwa akifanya utafiti wa mpira mpya wa kupumulia, unaotiwa mdomoni ukakaa juu ya mlango wa pumzi. Alitaka kujua utiwe vipi usimuumize mgonjwa. Akaniuliza, mume wangu na mavyaa, mamake, wamesimama pale pale: "Mama, una meno ya bandia?"

"Yangu yote ya Mungu," nikamjibu, tena kwa ukali.

Lakini nesi aliponong'ona kwamba jino la bandia huweza kuponyoka likaziba pumzi, roho ilinipaa. Nikajifunika buibui gubigubi, nikayatoa, nikayafunga katika pindo la leso, nikampa mavyaa. "Nishikie, mama." Tangu hapo sikufungua mdomo mpaka nikalazwa usingizi.

Nilizinduka kwa makelele. Mume wangu alikuwa ameniona mdomo umebonyea.

"Mwamjaribia mke wangu mpira wenu, mwamng'oa meno! Wallahi utafiti huu utakoma leo!"

Daktari akainua mikono. "Bwana, nilimkuta hivyo hivyo."

"Muongo mkubwa! Mimi nisijue meno ya mke wangu?"

Yarabi toba! Wodi nzima ilikuwa imegeuka kututazama. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani, lakini nikinyamaza, kijana wa watu atafukuzwa kazi.

"Mama," nikamwambia mavyaa kwa mdomo wangu wa kibogoyo, "fungua pindo la leso."

Akafungua. Akasema "Astaghfirullahi," akayafunika upesi, kama mtu aliyenikuta uchi.

Mume wangu akamuomba daktari radhi. Daktari, masikini, bado alikuwa na swali lake la utafiti: koo lauma? Nikatikisa kichwa, machozi yakinitoka.

Nyumbani mume wangu hakulitaja jambo lile. Nilipopona akanipeleka ufuoni Mama Ngina, akanunua mihogo ya kuchoma. Akaibonyeza mmoja mmoja kwa kidole, akanipa ulio laini.

"Kula huu," akasema kwa sauti ya chini, watu wasisikie.

Mpaka leo hunichagulia, nami mpaka leo natafuna nikitazama chini.