Mashini Iachwe Imalize Kuandika

Siku yangu ya kwanza katika biro, yaani ofisi, ya hesabu hapa Kalemie, enzi za Zaire, Shefu wa Huduma alinipeleka mbele ya mashini ya Unix, kompyuta iliyopanga mizigo ya meli zetu za Kigoma. "Mama Feza," akasema, "hii haiogopi cheo cha muntu. Ukiikosea, inakufa mbele yako." Nilicheka. Baadaye kicheko kilikauka, maana ilianza kufa ovyo.

Lawama zilimwangukia Papa Ilunga, fundi wetu wa umeme. Wakubwa walishikilia kwamba kuran yake, yaani umeme wake, ndiyo inayoiua. Shefu hakunificha: "Ikikufa tena na hatuna jibu, Papa Ilunga anaenda nyumbani." Mzee yule alikuwa na nyumba iliyojaa watoto. Niliapa haendi popote.

Nyinyi vijana mnaobonyeza tu, sikilizeni. Kumbukumbu ya mashini ikijaa, kazi zinazosubiri huhamishiwa kwenye sehemu ya diski tuliyoiita swapu. Na mashini ikipatwa na hitilafu, kabla ya kukata roho humwaga diskini yote iliyokuwa nayo kichwani. Hiyo ndiyo dampu, nayo husema kilichoiua. Sisi tulikuwa na swapu nyembamba, na dampu haikuwa na pa kulala. Nilimwomba Shefu tuigawe diski upya. Alikunja uso, kwa kuwa nafasi ilikuwa haba, lakini akaketi nami. Tulinakili kila kitu kwenye kanda, tukapanua swapu, tukatenga sehemu ya dampu kubwa kuliko kumbukumbu yenyewe.

Mashini ikafa. Tukaiwasha: dampu tupu! Nilitamani kulia. Kisha nikatazama desturi yetu wenyewe. Umeme wa Kalemie ulikuwa ukichezacheza, kwa hiyo kitu kikisita tu, mtu alikimbilia swichi na kuizima mashini kabla haijamaliza kuandika dampu. Mwepesi kuliko wote alikuwa Papa Ilunga. Alikuwa akiuzima utetezi wake kwa mkono wake mwenyewe.

"Papa, ikisimama tena usiiguse. Inaandika."

"Mama, kuran ikirudi na nguvu, itaungua! Watasema njo mimi niliiua."

"Wanasema hivyo tayari. Kaa hapa na mimi."

Ilipokwama, Papa Ilunga alishika kiti kwa mikono miwili, jasho likimtiririka. Nilisimama kati yake na swichi.

"Bado?"

"Bado, Papa."

Safari hii dampu ilikuwepo, nzima. Tuliisoma na Shefu mpaka chakula chetu kikapoa. Kadi moja ya kumbukumbu ilikuwa mbovu; umeme haukuhusika. Shefu aliing'oa, na mashini ikatulia.

Sasa nimestaafu, na mashini nyingi nilizozihudumia nimesahau hata majina yake. Sijasahau Shefu alivyosimama mbele ya biro nzima: "Papa Ilunga, tulikukosea. Utusamehe." Mzee alitoka nje, akajifuta macho, akarudi kunitafuta.

"Mama Feza," akaniuliza, "basi kesho nikuje kazini?"