Upinde Mpya wa Mrina Asali

Mrina asali wa Ugalla hakosi shabaha akiwa na upinde mpya. Siku za kwanza huupaka mafuta, husimama wima, hupanga miguu, hunyamaza, na vidole vyake vinene huvuta ugwe taratibu kama anayemvua shati mtoto aliyelala. Mwezi ukiisha, hulenga huku akisimulia habari za nyuki, mshale ukapotelea vichakani, na kosa likawa la upinde. "Umechoka huu," husema, akautupa darini na kuchonga mwingine.

Jumatatu ya Pasaka mwaka tisini na nne, siku ya kushindana kulenga shabaha na watu wa kijiji cha Kabungu, upinde wake mpya ulipasuka asubuhi. Lidia, mjane wa kaka yake, hakutaka ukoo uchekwe. Alishusha mmoja wa ile ya darini, akaupaka mafuta na kuufunga ugwe mpya. "Shemeji, huu nimekuagizia kwa fundi wa Majengo." Mrina asali alivua kofia kuupokea. Uwanjani alisimama wima, kimya, akakipasua kibuyu cha shabaha kwa mshale wa kwanza.

"Umeona, shemeji?" alisema akiupapasa. "Huyu ndiye fundi. Mimi huwa nachonga takataka."

"Punguza sauti," Lidia alimnong'oneza. "Fundi huyo naye ni wa ukoo wetu."